Kikaratasi cha Kona ya Pili

12 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Hapa sote wazima isipokuwa friji. Baba anatengeneza mafriji ya mji mzima, la kwetu linavuja maji mpaka mama kaliwekea beseni. Mama akisema mganga hajigangi, baba anajibu kwamba anasubiri kipuri. Anakisubiri tangu mwaka jana.

Najua ungependa nipige simu. Lakini wewe mwenyewe ulisema nikipiga siongei, napumua tu kama mtu aliyepanda ngazi. Kwenye karatasi angalau maneno yanatoka.

Kitambaa cha meza kimefika salama. Maonyesho ya shule ni mwezi wa sita, na sharti ni lilelile: kazi ya mikono miwili, mwanafunzi mmoja na mkubwa mmoja wa familia yake. Kona mbili zako, mbili zangu, ndege mmoja kila kona. Ya kwanza nimeipindua nikaitazama mgongoni, kama ulivyonifundisha. Sikuona mkia hata mmoja wa uzi. Sijui unafanyaje. Hufungi fundo, unauzamisha tu uzi chini ya wenzake unapotea. Mimi nisipofunga fundo mshono unakimbia.

Ya pili nayo nimeitazama. Shangazi, majani matatu ni ya bluu na mengine ya kijani. Na mguu wa ndege umeteleza nje ya tawi. Ni makusudi? Nauliza tu.

Ni mimi,
Bi Kimya wako


2 Aprili

Bi Kimya,

Marahaba, mwana wa kaka yangu. Mimi mzima, cherehani nzima, jirani yangu fundi viatu naye mzima kupita kiasi. Ukuta wetu ni mbao tupu, basi akigonga nyundo kwake, sindano zinacheza kwangu. Jana nimemwambia, "Wewe unashona viatu au unavunja nyumba?" Akanijibu, "Mama, ngozi haibembelezwi." Ndiyo watu ninaoishi nao.

Kuhusu majani: makusudi. Ndege wa pili yuko mbali, na kitu kikiwa mbali huonekana bluu. Mguu uache ulivyo. Wewe fuata kona ya kwanza.

Na kama ulikuwa unazunguka mbuyu kuniuliza macho, macho hayana neno. Ni balbu ya chumba hiki. Habari za balbu usimpelekee baba yako. Mara mbili kashaniambia kuna chumba cha nyuma kwenu, nikichoka nihamie. Chumba hicho nakijua, kina mitungi ya gesi na milango ya mafriji yaliyokufa. Hapa nina mlango wangu unaofunguka barabarani na ufunguo wangu shingoni. Akisikia balbu, kesho yake yuko hapa na gari la mizigo.

Anza kwa jani, usianze kwa ndege. Ndege hutaka mkono uliozoea.

Shangazi yako


5 Mei
(Hii niliiandika, nikaikunja, sikuituma.)

Shangazi,

Nimefanya jambo. Kona zangu mbili nimezimaliza wiki iliyopita. Halafu nikakitandaza kitambaa chote kitandani na nikaona kona ya pili haikai na wenzake. Umesema makusudi. Nilijaribu kuamini. Nilirudi nyuma hadi mlangoni nione kama kwa mbali majani ya bluu yanapendeza. Hayakupendeza. Yalikuwa ya mtu aliyeokota uzi asiouona.

Nimemfumua ndege wako. Mshono mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano, siku mbili. Nilijiona kama ninayemvua mkubwa nguo. Halafu nikamshona upya mimi, juu ya mstari ulioachwa na penseli yako, majani yote ya kijani, mguu juu ya tawi.

Nikikwambia nimemfumua, itabidi nikwambie kwa nini. Na nikikwambia kwa nini, utakuwa umejua kwamba najua.

Friji bado linavuja.


17 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, baba anakusalimu na anauliza kama unapumzika. Nimemwambia unapumzika sana.

Maonyesho yalikuwa jana. Meza zilipangwa ukumbini, sisi tunasimama nyuma ya kazi zetu kama wauza nyanya. Mgeni aliyekuja kukagua ni mwalimu mstaafu wa ushonaji, mwenye miwani moja puani na nyingine kichwani. Kwangu alikaa. Akapitisha vidole, akapindua, akarudi kwenye kona ya pili akainama mpaka pua ikakaribia kitambaa.

"Nani kamshona huyu?"

Unanijua. Ulimi ulikauka kama gundi. Mwenzangu wa dawati akanipiga kiwiko: "Sema basi, wewe!"

Nikasema, "Shangazi."

Akachukua kikaratasi, akaandika neno moja la Kiingereza, akakibana kwa pini palepale kwenye kona ya pili. Kazi za wengine ziliandikwa nzuri, na mbili zikaandikwa nzuri sana. Yetu iliandikwa *exquisite*.

Nilikwenda maktaba nikafungua kamusi kubwa isiyoruhusiwa kutoka. Neno lenyewe lilitoka Kilatini, na ndani yake kuna kutafuta na kuna kutoa nje. Yaani kitu kilichotafutwa, kikachambuliwa miongoni mwa vingine, mpaka kikapatikana. Zamani lilisemwa juu ya chochote kilichofanywa kwa uangalifu mkubwa, hata hotuba. Siku hizi ni sifa ya kitu kizuri kwa uzuri mwembamba, unaoonekana ukisogea karibu. Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema haliendi na trekta. Anasema pia tusilitumie hovyo, maana neno likisifu kila kitu halisifu chochote. Halafu yeye na mwalimu wa historia wakabishana sauti ikazwe mwanzoni mwa neno au katikati, hadi kengele ikalia. Kamusi inakubali kote kuwili.

Kwa Kiswahili nimeshindwa. Nimejaribu maridadi, nimejaribu teule, nimejaribu adimu. Kila moja linafika nusu ya njia.

Ni mimi,
Bi Kimya wako


1 Julai

Bi Kimya wangu,

Marahaba, marahaba, na ya tatu marahaba!

Nimesomewa barua yako na fundi viatu kwa sababu balbu bado. Nikamwambia arudie pale penye kikaratasi. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akasema, "Mama, viatu vya watu vinaningoja." Basi nikamwacha, lakini nilishaikariri.

Unajua mimi si mtu wa sifa. Sifa ni sukari, ikimwagika huita sisimizi. Mimi nikiona kazi nzuri nasema si mbaya, na mwenye akili ananielewa. Miaka thelathini na moja mbele ya sindano, na wateja wangu nao wananirudishia yaleyale: si mbaya, mama, chukua chako. Leo mtu nisiyemjua, mwenye miwani mbili, kaipindua kazi yangu na kumtafuta ndege wangu wa mbali mpaka kampata!

Maridadi sio. Maridadi ni nguo ya kutokea. Hilo neno lako ni la nguo ukiipindua. Usilitafsiri, liache hivyohivyo.

Nitumie kikaratasi nikibandike juu ya cherehani. Na kitambaa nitumie nacho, nataka nimshike tena ndege.

Shangazi yako mwenye neno


22 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Samahani nimechelewa, tulikuwa na mitihani.

Kikaratasi hicho hapo ndani ya bahasha. Kitambaa bado kiko shuleni, wamekifungia kabatini, mwenye ufunguo kasafiri.

Nilirudi kwenye kamusi. Mara ya kwanza sikukwambia yote. Neno lile linasemwa pia juu ya maumivu. Maumivu membamba, yenye ncha, yanayojua pa kuingia. Sikuelewa kwa nini sifa na maumivu vilale kitanda kimoja, halafu nikaelewa kidogo: vyote viwili vinakutafuta mpaka vikupate.

Kuna na hili la kuchekesha. Zamani za kale mwanamume aliyejipamba kupita kiasi, tai imenyooka, viatu vinang'aa, aliitwa kwa neno hilohilo. Mwambie fundi viatu.

Ni mimi


20 Agosti

Kwa Bi Kimya,

Mwandishi ni fundi viatu, msemaji ni shangazi yako, kakaa hapa kwenye kigoda changu na kuniamrisha. Anasema mkono wake umechoka. Anasema andika kama nisemavyo na usitie lako.

Marahaba. Mimi mzima. Kikaratasi kiko ukutani, nimekibandika kwa gundi ya viatu. Kila anayeingia namuuliza, "Unajua kusoma hapo?" Asiyejua namfundisha. Anayejua namnyamazia nimwone anavyoshtuka.

(Mimi fundi viatu naongeza langu la chinichini, kwa kuwa hatasoma. Kweli anawafundisha. Hata mtoto wa muuza mkaa sasa analitaja. Na tangu niisome ile habari ya mwanamume aliyejipamba, nimeanza kupaka rangi viatu vyangu mwenyewe.)

Habari kubwa ni hii. Mama mmoja mwenye ukumbi wa sherehe alikisoma kikaratasi akakaa chini bila kukaribishwa. Anataka vitambaa kumi na viwili, kila kimoja na ndege kama yule. Nimekubali. Vinatakiwa mwezi wa kumi na mbili. Basi nitumie kitambaa, nimfuatishe. Huyo mwenye ufunguo wa kabati kasafiri mwezini?

(Mwanangu, nisikilize mimi. Juzi kajichoma mara nne kwa jani moja. Kaniuliza uzi upi ni mwekundu, nikamwonyesha, akasema alikuwa ananijaribu. Vitambaa kumi na viwili! Kipi ataanza nacho? Mimi nikimwambia ananifukuza kigodani, na kigoda ni changu.)

Anasema anauliza mbona naandika maneno mengi kuliko anayosema. Nimemwambia mwandiko wangu ni mpana.

Wasalaam kutoka kwetu wote wawili


29 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za friji.

Ndani ya kifurushi kuna kitambaa. Hakikuwa kabatini. Kilikuwa chini ya godoro langu tangu Juni. Pamoja nacho kuna barua ya tarehe tano Mei ambayo sikuituma. Mwombe fundi viatu akusomee hiyo kwanza, kisha arudi hapa.

Kama umeshaisikia, basi umejua. Ndege wa kona ya pili si wako, nilikufumua. Yule mkaguzi wa maonyesho alipouliza nani kamshona, nilisema wewe. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilitaka kusema ni haya tu, ulimi, unanijua. Lakini si haya. Niliona kama nimekunyang'anya, nikataka kukurudishia kitu, na pale mezani cha kukurudishia kilikuwa hicho tu.

Halafu ulifurahi. Shangazi, sijawahi kukusoma umefurahi hivyo. Nikasema acha iwe yake, nani ataumia? Kumbe ataumia. Wewe, mwezi wa kumi na mbili, mbele ya mwenye ukumbi, na vitambaa kumi na viwili vyenye majani ya bluu.

Barua zako nimezipanga. Ya mwaka jana mistari imenyooka. Ya Aprili inapanda mlima. Ya Julai herufi ni kubwa kama za mtoto, na neno la mwisho limetoka nje ya karatasi. Ile ya Agosti si mkono wako kabisa. Si balbu.

Nimeuliza hospitali ya hapa, mimi mwenyewe, kwa mdomo. Nilisimama dirishani mpaka mhudumu akaniambia, "Binti, umekuja kuuliza au kulinda ukuta?" Nikauliza. Akasema ikiwa ni mtoto wa jicho, huondolewa, na watu huenda kazini baada ya majuma machache. Kwenu pia ipo kliniki ya macho.

Sasa nasema nisichowahi kukuambia. Nakupa hadi mwisho wa Septemba uende. Usipokwenda nitamwambia baba, na aje na gari lake la mizigo. Utanichukia, nichukie. Lakini nataka uwe na mlango wako na uuone.

Mimi


25 Septemba

Kwa Bi Kimya,

Mwandishi ni yuleyule wa kigodani. Leo kaniapisha nisiongeze lolote. Naandika asemavyo.

Umengoja barua hii, najua. Ungoje. Mimi pia nilingoja.

Kifurushi chako kilifika fundi viatu akiwa msibani. Siku mbili barua zilikaa juu ya meza bila wa kunisomea. Kitambaa hakihitaji msomaji. Nilikipindua nikapitisha kidole mgongoni. Kona ya kwanza laini. Nikaenda ya pili. Fundo. Nikaenda mbele. Fundo jingine. La tatu.

Mwanangu, tangu nishike sindano sijafunga fundo. Mama yangu aliniambia fundo ni uvivu wa vidole. Nilikaa na kile kitambaa magotini mpaka barabara ikatulia. Barua iliposomwa haikuniambia kipya, ila tu kwamba ulikuwa unalia mahali fulani, na hilo hukuliandika.

Niliumia. Sitakudanganya. Lile neno lako na maumivu yake nimelielewa, lilijua pa kuingia. Siku tatu sikugusa cherehani. Nilimwambia huyu wa viatu abandue kikaratasi, akakataa, akasema gundi yake haibanduki.

Niliumia kwa sababu ulinifumua. Kisha nikaona, yaani nikafikiri, nani mwingine angetumia siku mbili kunifumua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya sindano? Mwenye hasira hukata kwa mkasi.

Majani hayakuwa makusudi. Nilidhani ni kijani. Imekuwa kama kutazama kupitia maziwa, mwaka na zaidi. Sikusema kwa sababu nikisema inakuwa kweli, na baba yako ni mtu wa kutengeneza vitu. Akiona kimeharibika anakihamishia chumba cha nyuma kisubiri kipuri.

Kumbe Bi Kimya ana meno! "Nakupa hadi mwisho wa Septemba." Nilimwambia arudie pale. Akarudia bila kunitajia viatu vya watu.

Jana nimekwenda. Huyu kanisindikiza, kavaa viatu vinavyong'aa hata mimi nimeviona. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watalifanya la kulia tarehe nane, la kushoto baadaye. Daktari ni binti mdogo, mikono ya baridi. Nimemuuliza, "Unafunga fundo?" Akasema hapana, mama, siku hizi hatushoni hata kidogo.

Mwenye ukumbi nimemwambia ukweli, kwamba ndege ni wa mwana wa kaka yangu. Amesema yeye anataka ndege, hana haja na ukoo.

Baba yako nitamwambia mwenyewe nikishaona. Wewe nyamaza. Hiyo kazi unaiweza.

Shangazi yako

(Nimeapa nisiongeze, kwa hiyo siongezi kwamba njiani alinishika mkono.)


14 Novemba

Bi Kimya,

Naandika kwa mkono wangu. Tazama mistari.

Jicho moja limefunguka, la pili lina zamu wiki ijayo. Nimegundua mambo. Ukuta wangu si mweupe. Fundi viatu ni mzee kuliko sauti yake, na yeye kasema mimi pia. Baba yako nimempigia. Alinyamaza, nikasikia pumzi tu, nikajua ulikorithi. Halafu akasema atakuja kunitilia balbu nzuri. Nimemruhusu balbu, gari la mizigo nimemkataza.

Leo asubuhi nimekitandaza kitambaa mlangoni kwangu, kwenye jua. Nimemtafuta kosa ndege wa kona ya pili. Nimeanza mkiani. Nimehesabu majani, nimefuata mguu juu ya tawi, nimempindua, nimerudi mbele, nimempindua tena. Wateja wawili wamepita nikawaambia njooni kesho. Nimemtafuta mpaka jua likahama mlangoni.

Mafundo ni matatu. Nimeyaacha. Yanashika.

Kikaratasi nimekibandua ukutani kwa wembe na maji moto, kimetoka na rangi kidogo. Ukutani hapakuwa mahali pake. Nimekirudisha kwenye kona yake, lakini si kwa pini, pini hutia kutu. Nimekishona kwa uzi mweupe, na mwisho wa uzi, ili kisiondoke tena, nimefunga fundo.

Likizo njoo. Vitambaa ni kumi na viwili, ndege ni wako, majani niachie mimi.

Shangazi yako